Mafundi watatu, bei tatu za kuezeka upya nyumba ya mama hapa Ilomba, Mbeya. Naombeni tusome haya makadirio pamoja

BintiIlomba

Wakuu habari za Jumapili, wakubwa zangu shikamooni.

Nyumba ya mama ipo Ilomba, ilijengwa miaka ya 80 na bati ni zile zile mpaka leo. Mvua zilizopita tulilala na ndoo mbili sebuleni na sufuria moja chumbani kwake. Sasa hivi ni Agosti, jua linawaka, nataka paa lote libadilishwe kabla Novemba haijaingia. Nimejichanga na wadogo zangu wawili, hela ipo lakini si ya kuchezea.

Nimeita mafundi watatu kwa nyakati tofauti. Nyumba ni mita 12 kwa 9, paa la mgongo wa tembo, yaani pande mbili tu. Majibu yao:

Wa kwanza kaniandikia kwenye karatasi ya daftari: bati 70, mbao, misumari, ufundi. Jumla 5,400,000. Basi.

Wa pili kaleta karatasi imechapwa na muhuri juu: bati geji 28 (geji ni kipimo cha unene) mita 230 kwa 22,000 kila mita, kofia 16 (zile za kufunika maungio ya juu ya paa), mbao za inchi 2 kwa 4, papi (mbao za kupigilia bati) za 2 kwa 2 vipande 110, fishabodi (ubao wa ukingoni), misumari, usafiri, ufundi 2,400,000, "mengineyo" 600,000. Jumla 12,850,000.

Wa tatu: bati geji 30, papi 60, "kenchi za zamani zilizo nzima zitatumika" (kenchi ni zile fremu za mbao zinazobeba paa), ufundi 1,900,000. Jumla 8,700,000.

Mjomba anasema chukua wa kati, wa bei ya chini ni tapeli na wa juu ni mwizi. Mimi siridhiki na hesabu ya namna hiyo. Kati ya wa kwanza na wa pili kuna zaidi ya milioni 7, na paa ni hilo hilo moja! Nisaidieni.

MkadiriajiNzovwe

Dada, pole na hongera kwa kumfikiria mama. Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, kwa hiyo nitakwambia ninachofanya mimi karatasi kama hizi zikiletwa mezani.

Jumla naifunika kwa mkono, siiangalii kwanza. Hizo jumla tatu ulizopewa ni bei za mapaa matatu tofauti. Wa kwanza hajasema geji, hajasema urefu wa bati, na neno "mbao" linaweza kuwa mbao 10 au 200. Wa tatu kakupa geji 30 na kenchi za zamani. Wa pili kakupa geji 28 na mbao mpya nyingi. Huwezi kulinganisha gunia la mpunga na gunia la mchele kwa sababu yote ni magunia.

Kila mstari wa makadirio unatakiwa ujibu maswali manne: kitu gani hasa, kiasi gani, bei ya kimoja shilingi ngapi, na jumla ya mstari huo. Likikosekana moja, mrudishie fundi ajaze. Fundi mzuri hakasiriki.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi wanaliogopa bure, nalo ni kupima paa lako mwenyewe. Chukua futi ya mita upime vitu vitatu: urefu wa paa pamoja na ukingo unaotokeza nje ya ukuta, nusu ya upana pamoja na ukingo wake, na kimo kutoka usawa wa ncha ya chini ya bati mpaka kileleni. Nitumie hapa.

BintiIlomba

Nimepima na mdogo wangu leo jioni, yeye yuko juu ya ngazi mimi nashika futi. Ukingo unatokeza sm 60 kila upande. Kwa hiyo urefu wa paa ni mita 13.2, nusu ya upana ni 5.1, kimo 2.4.

MkadiriajiNzovwe

Vizuri sana. Sasa tufanye hesabu ya darasani, ile ya pembetatu mraba.

5.1 mara 5.1 ni 26.01. 2.4 mara 2.4 ni 5.76. Jumlisha, unapata 31.77. Kipeuo chake cha pili ni 5.64. Huo ndio urefu wa mteremko wako, kutoka kileleni mpaka kwenye ncha. Agiza bati za mita 5.7 ili zitokeze kidogo juu ya gata.

Upana wa bati sasa, na hapa ndipo watu wanapigwa au mafundi wenyewe wanakosea. Bati lina upana wake kamili na upana linaofunika baada ya kulaliana na jirani yake. Hesabu hufanywa kwa upana wa kufunika, na kila aina ya mgongo ina wake. Nenda dukani ukapime aina unayoitaka, usikubali kuambiwa kwa mdomo.

BintiIlomba

Nimetoka Mwanjelwa sasa hivi. Bati la migongo mipana lililopo kwenye karatasi ya fundi wa pili, nimelaza mawili pale dukani, linafunika sm 83. Zile za migongo midogo za mita 3, ambazo kumbe ndizo alizokuwa anazizungumzia fundi wa kwanza (nimempigia simu), zinafunika kama sm 68.

MkadiriajiNzovwe

Basi tuanze na wa pili. 13.2 gawanya kwa 0.83 ni 15.9, yaani bati 16 kila upande, 32 kwa pande zote mbili. Mara 5.7 ni mita 182.4. Yeye kaandika 230. Zimezidi karibu mita 48, na kwa 22,000 ni zaidi ya milioni moja kwenye mstari mmoja tu.

Wa kwanza sasa. Bati la mita 3 halifiki kileleni peke yake, linahitaji mawili kwa mteremko. 13.2 gawanya kwa 0.68 ni 19.4, weka 20. Safu mbili, pande mbili, ni bati 80. Yeye kaandika 70. Maana yake siku ya nne au ya tano, nyumba ikiwa wazi nusu, atakuja kukwambia "mama bati zimepungua". Hapo huna ujanja wa kubishana naye, unakwenda kununua.

KijanaWaTukuyu

Hii ilimkuta baba yangu mdogo kule Rungwe na mvua za kule mnazijua hazina adabu. Fundi alimpa bei ya chini, paa likafunuliwa lote, kisha zikaanza "tumepungukiwa" kila siku. Mwishoni alilipa zaidi ya yule wa bei kubwa aliyemkataa, na juu ya hayo magodoro yalilowa. Dada usifunue paa kabla vifaa vyote havijafika uwanjani na kuhesabiwa. VYOTE.

BintiIlomba

Mkadiriaji, nimempigia fundi wa pili nikamwuliza kwa heshima zile mita 230 kazipataje. Kaniambia mambo mawili. La kwanza, kuna baraza la mbele lenye kipaa chake, mimi nimelisahau kabisa kulipima! Mita 4 kwa mteremko wa 2.5. La pili, alipiga hesabu kwa mazoea ya paa la pande nne.

MkadiriajiNzovwe

Ona faida ya kuuliza badala ya kutukana. Baraza: 4 gawanya kwa 0.83 ni 4.8, bati 5, mara 2.5 ni mita 12.5. Jumla sasa 194.9. Funga kwenye 200 kwa ajili ya kuharibika kidogo.

Kuhusu pande nne yuko sahihi kwa upande wake. Paa la pande nne lenye mteremko ule ule halina eneo kubwa zaidi, ila bati zinakatwa mshazari kwenye pembe na vipande vinavyobaki vingi havina kazi. Kofia nazo zinaongezeka kwa sababu kila pembe inataka yake. Lako ni mgongo wa tembo, bati zinapanda nzima nzima. Kofia zako ni za kileleni tu, mita 13.2. Kama ni za mita 2 na zinalaliana sm 20, kila moja inafunika 1.8, kwa hiyo 8 zinatosha. Si 16.

FundiUyole

Naomba niingie, nimeezeka miaka 19 hapa Mbeya mpaka Vwawa.

Dada nina swali moja. Kati ya hao mafundi watatu, nani alipanda darini?

BintiIlomba

Ni wa tatu peke yake. Aliomba ngazi, akaingia na tochi, akakaa kama nusu saa. Wale wengine walizunguka nje wakiangalia juu.

FundiUyole

Basi wawili wamekupa bei ya paa wasilolijua. Bati linaonekana kwa nje, lakini gharama ya kuezeka upya imejificha kwenye mbao. Mtu ambaye hajapanda ataandika mbao nyingi ili ajilinde, au ataandika chache ili apate kazi.

Panda mwenyewe na msumari wa inchi 4. Kachome ncha za kenchi pale zinapokaa juu ya ukuta, kachome chini ya kila mahali panapovuja, kachome mbao inayolala juu ya ukuta yenyewe. Mbao nzima inakataa msumari. Iliyooza inaupokea. Na angalia unga unga mwembamba juu ya dari, ukiuona ujue kuna wadudu ndani ya mbao.

Papi mimi sishauri zirudiwe kwenye paa la umri huo. Zimeshatobolewa misumari mara nyingi, mpya haishiki vizuri. Kwa bati lako weka papi kila sm 90. Mteremko wa 5.64 unakupa mistari 8 kila upande, mara 13.2, mara mbili, ni mita 211. Ubao wa futi 12 ni mita 3.66. Unapata 58. Weka 65 kwa sababu ya maungio na baraza. Kwa hiyo yule aliyeandika 60 alikuwa karibu sana, aliyeandika 110 alitupa namba.

BintiIlomba

Nimepanda leo. Mikono imejaa masizi na buibui lakini nimeona kwa macho yangu.

Kenchi ziko 11. Saba msumari umegonga ukarudi. Nne za upande wa sebuleni, ncha zake zimekwisha. Ile ya tatu kutoka ukutani nilibonyeza tu kwa kiganja, msumari ukazama wote kama kwenye muhogo uliochemshwa, na nilipouchomoa ukatoka na maji. Agosti hii, mvua ilikatika tangu Mei! Nimekaa pale juu nikamfikiria mama anayelala chini yake.

Fundi wa tatu aliziwekea alama ya mkaa zile nne. Sikuwa nimeiona alama hiyo mpaka nilipopanda.

FundiUyole

Maji bado yamo kwa sababu mbao iliyooza ni kama sponji na hewa haipiti pale. Hizo nne ziwekwe mpya. Na hakikisha kenchi zote zinafungwa kwenye renta (mkanda wa zege wa juu ya ukuta) kwa nondo au waya mnene, si misumari peke yake. Upepo wa mwanzo wa mvua unaingia chini ya ukingo na kuinua paa zima. Uzito wa bati haulizuii. Waulize wote watatu wameandika wapi kwenye makadirio mstari wa kufunga kenchi, najua hawajauandika.

MbaoMafinga

Kwa upande wa mbao, nipo kwenye biashara hii huku Mufindi. Mbao zetu nyingi ni za msindano kutoka Sao Hill. Kwenye makadirio andika "zilizotiwa dawa" na zikija zikague, ile dawa inaacha rangi ya kijani kijani. Kata kipande kidogo uone dawa imeingia ndani au imepakwa juu tu. Pia pima. 2 kwa 4 ya jina na 2 kwa 4 ukiipima kwa futi havifanani, kuna zinazokuja nyembamba sana. Na zisiwe mbichi, kwa sababu mbao mbichi ikikaukia juu ya nyumba inajipinda na bati linafuata.

MuuzaBatiKabwe

Kuhusu geji, wengi wanadhani namba kubwa ndiyo bati nene. Ni kinyume. Geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 kama 0.3, geji 32 ni jembamba zaidi. Kwa hiyo ukiandikiwa "geji" bila namba, au namba bila milimita, omba vyote viwili. Uliza pia kama huo unene ni wa chuma chenyewe au pamoja na rangi. Angalia maandishi yaliyochapwa nyuma ya bati, na kama una wasiwasi, mikrometa ipo, mwenye duka makini hakatai ukipima mbele yake.

Kuna na herufi AZ. AZ150 maana yake gramu 150 za mchanganyiko wa alumini na zinki kwa kila mita ya mraba, ndiyo inayozuia kutu. AZ ndogo, kinga ndogo. Bati mbili za geji moja na rangi moja zinaweza kupishana bei kwa sababu hiyo tu.

Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iandikwe jina la mama, siyo la fundi. Ukija kudai dhamana ya rangi kiwandani, hiyo ndiyo watakayoiulizia. Na muulize fundi mwenye muhuri kama bei yake imejumlisha VAT au itakuja kuongezwa mwishoni.

MamaJuniorSoweto

Mwanangu, naongezea ya sisi tuliopitia. Bati za zamani na mbao zitakazoshuka ni za nani? Mimi sikuandika, nikatoka kazini nikakuta gari limeshabeba. Bati chakavu zinauzwa, na zinafaa banda la kuku. Iandikwe.

Pia waya wa umeme kutoka kwenye nguzo, kwetu ulikuwa umefungwa kwenye fishabodi. Siku ya kubomoa mafundi wakasimama, hakuna wa kuugusa. Nenda TANESCO mapema waje waushushe. Siku mbili zilipotea kwetu na mafundi walitaka posho ya hizo siku mbili.

MzeeWaIyunga

Vijana, kama paa la mtu si la bati bali ni yale mabamba ya kijivu ya simenti yaliyowekwa nyumba nyingi za zamani za mashirika, asikubali fundi ayavunje kwa nyundo. Yale mengi yana asbesto. Vumbi lake linaingia mapafuni na linaleta saratani miaka mingi baadaye. Yanaloweshwa maji, yanafunguliwa taratibu bila kukatwa, na kazi hiyo ina watu wake. Makadirio yake hayafanani na ya kushusha bati.

BintiIlomba

Shikamoo mzee, ahsante. La mama ni bati tupu.

Nimefanya kama mlivyosema. Nimeandika mwenyewe karatasi moja: bati geji 28 milimita 0.4 AZ150 mita 200, kofia 8, papi 65 zilizotiwa dawa, kenchi 4 mpya, kufunga kenchi zote kwa waya, fishabodi na gata kuzunguka, kushusha paa la zamani, bati za zamani zibaki kwa mama. Nimewapa wote watatu karatasi hiyo hiyo wajaze bei tu. Mstari wa "mengineyo" nimeufuta. Hela ya dharura 500,000 naishika mimi, ikitumika tunaandikiana.

Majibu: wa kwanza 9,600,000. Wa pili 11,050,000. Wa tatu 9,950,000.

Yule wa 5,400,000 na yule wa 12,850,000 sasa wamepishana 1,450,000. Nimemchukua wa tatu. 350,000 zaidi ya wa kwanza nalipa kwa moyo mmoja, ni yeye aliyeweka alama ya mkaa kabla sijamuuliza.

FundiUyole

Umechagua vizuri. Malipo ya ufundi usitoe nusu mwanzoni.

BintiIlomba

Ufundi ni 1,900,000. Tumekubaliana 600,000 siku ya kuanza, 800,000 bati zote zikishapanda, na 500,000 baada ya mvua kubwa ya kwanza. Tumesaini mbele ya mjumbe. Alisita kidogo kwenye hiyo ya mvua, akauliza "na mvua ikichelewa?" Nikamwambia ikifika tarehe 10 Desemba hajapata mvua, nampa. Akakubali.

KijanaWaTukuyu

Mrejesho tafadhali dada, usitukimbie.

BintiIlomba

MREJESHO. Samahanini kwa kimya.

Tulianza wiki ya kwanza ya Oktoba. TANESCO walikuja siku moja kabla. Kazi ilikwenda siku tisa. Dharura ilitumika 140,000, mbao ya juu ya ukuta upande wa sebuleni ilikuwa imeoza zaidi ya tulivyoona, mita 6 zikabadilishwa. Bati zilibaki vipande viwili, navyo viko stoo. Misumari niliisimamia mwenyewe, kila mmoja umepigwa juu ya mgongo wa bati, bondeni ambako maji yanapita hakuna hata mmoja.

Juzi usiku mvua ilishuka kutoka mlima Loleza kwa kishindo, ikaanza na upepo kama saa nane. Niliamka nikawasha tochi nikazunguka chumba kwa chumba. Mahali pamoja palitoa tone, pale kipaa cha baraza kinapokutana na ukuta. Nilimpigia fundi saa moja asubuhi, saa tatu alikuwa juu, aliziba kwa kipande cha bati kilichoingizwa ndani ya plasta. Jana imenyesha tena, pakavu. Nimemlipa 500,000 yake leo mchana.

Mkadiriaji, FundiUyole, Mama Junior, mzee wangu wa Iyunga na wengine wote, mama anawasalimu sana. Anasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

MamaJuniorSoweto

Msalimie sana mama. Na zile ndoo?

BintiIlomba

Ziko nje chini ya gata, zinakinga maji ya kufulia.